Nimechomeka PS4 kwenye HDMI ya laptopu, mbona kioo hakionyeshi kitu?

Tabata_Mwisho (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana. Nina PS4 Slim, runinga sina. Laptopu ninayo: kioo cha inchi 15.6 chenye 1920 x 1080, i5 ya kizazi cha 6, RAM 8 GB, Windows 10. Ina tundu moja la HDMI, USB mbili za buluu na moja nyeusi. Nimechukua waya wa HDMI uliokuja na PS4, nikachomeka huku na huku. PS4 inawaka kawaida ila laptopu imebaki kwenye ukurasa wake kama vile hakuna kilichochomekwa. Nimebonyeza Windows + P nikapitia chaguo zote nne, hola.

Naomba kujua: kuna setingi nimeiruka au nahitaji waya mwingine? Nacheza zaidi mpira, kwa hiyo picha ikichelewa kidogo tu mchezo umeharibika. Pia kuna laptopu nyingine nyumbani imekufa ubao lakini kioo chake ni kizima. Hicho nacho kinaweza kutumika?

---

Fundi_Saketi

Mkuu, hakuna setingi uliyoiruka. Tundu la HDMI la laptopu yako ni la kutolea picha, si la kupokelea. Kioo cha laptopu kimeunganishwa na chipu ya picha kwa waya wake wa ndani, unaopita kwenye bawaba. HDMI ni njia nyingine inayotoka kwenye chipu hiyohiyo. Kati ya tundu na kioo hakuna njia yoyote, kwa hiyo hakuna programu wala draiva inayoweza kuitengeneza.

Ukitaka kujua kwa nini hupati hata ujumbe wa hitilafu: kifaa kinachotoa picha hupeleka volti 5 kwenye pini ya 18 ya HDMI, kisha husubiri kifaa kinachopokea kiinue pini ya 19 kuonyesha kwamba kipo tayari. Hapo kwako PS4 inatoa volti 5 na laptopu nayo inatoa volti 5, na zote mbili zinasubiri pini ya 19 ambayo hakuna wa kuiinua. Kwa hiyo Windows haioni chochote.

Laptopu chache sana zilitengenezwa na HDMI ya kuingizia. Alienware M17x na M18x za miaka ile zilikuwa nayo, na tundu huwa limeandikwa kabisa kwamba ni la kuingiza. Kama yako haijaandikwa hivyo, haina.

Kwa hiyo usinunue waya mwingine wa HDMI, wala kigeuzi cha VGA, wala waya wa HDMI kwenda USB usio na saketi ndani. USB-C ya laptopu, kwa wenye nayo, kwa upande wa picha nayo hutoa tu, haipokei. Na ile huduma ya Windows ya kupokea picha bila waya inapokea kutoka kwenye simu na kompyuta nyingine, PS4 haijui kuongea nayo.

Njia zilizobaki ni tatu: kapcha, yaani kadi ya kunasia picha inayoingia kwenye USB, Remote Play kupitia mtandao wa ndani, au kukitoa kile kioo cha laptopu iliyokufa na kukifungia bodi ya kukiendesha yenye tundu la HDMI. Kwa mpira, hiyo ya tatu ndiyo yenye ucheleweshaji mdogo kuliko zote.

---

Pikseli_Moja

Naongezea kwenye kapcha, maana watu wengi hununua kifaa kisicho sahihi na kulaumu laptopu.

Angalia hesabu kwanza. Picha ya 1920 x 1080 isiyobanwa, kwa baiti 2 kila nukta na fremu 60 kwa sekunde, ni baiti 248,832,000 kila sekunde. USB 2.0 kwa makadirio ya juu kabisa hupitisha megabaiti 60 kwa sekunde, na kwa uhalisia ni chini ya hapo. Hata 720p (1280 x 720) ya fremu 60 isiyobanwa, baiti 110,592,000, haipiti. Ndiyo maana kapcha za USB 2.0 hubana kila fremu kama picha ya JPEG kabla ya kuituma, na laptopu hulazimika kuifungua. Kubana na kufungua kunakula muda, na maandishi madogo yanapata ukungu pembeni, hasa yakiwa mekundu.

Zile kapcha ndogo za bei ya chini zinazofanana na flashi, nyingi zina chipu ya MS2109. Hiyo ni USB 2.0 hata kama plastiki ya ndani ya plagi imepakwa buluu, rangi ya USB 3.0. Neno "4K" kwenye boksi lake maana yake inakubali kuingiziwa 4K, lakini inayotoka ni 1080p ya fremu 30 au 720p ya fremu 60. Unayoitaka wewe ni USB 3.0 ya kweli, kwa mfano yenye chipu ya MS2130, inayotoa 1080p kwa fremu 60.

Jinsi ya kuhakiki dukani ukiwa na laptopu yako: chomeka kapcha, fungua "Device Manager", tafuta "USB Video" chini ya kamera, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, "Properties", "Details", kisha "Hardware Ids". Ukiona VID_534D&PID_2109, hiyo ni MS2109 na hakuna maandishi ya boksi yatakayoibadilisha.

Ukilazimika kuitumia hiyo, chagua 720p ya fremu 60. Usichague 1080p ya fremu 30. Fremu moja ya 60 hudumu milisekunde 16.7, ya 30 hudumu 33.3. Kwenye mpira, mwendo wa mpira na kidole chako vina faida zaidi na fremu nyingi kuliko nukta nyingi.

Upande wa programu, weka OBS Studio, programu ya bure ya kuonyesha na kurekodi video:

1. "Settings", kisha "Video": weka 1920x1080 na FPS 60. Ukiiacha kwenye 30, hata kapcha nzuri itaonekana nzito.
2. Kwenye "Sources" ongeza "Video Capture Device", chagua "USB Video". "Resolution/FPS Type" iwe "Custom". Kwa kapcha ya USB 2.0 chagua 1280x720, FPS 60, "Video Format" iwe MJPEG (fremu zilizobanwa). Kwa USB 3.0 chagua 1920x1080, 60, na YUY2 au NV12 (zisizobanwa).
3. Hapohapo chini, "Buffering" iwe "Disable". Hili watu hulisahau, nalo ndilo linaloongeza ucheleweshaji bila sababu.
4. Sauti: weka tiki "Use custom audio device", chagua "Digital Audio Interface". Halafu kwenye "Advanced Audio Properties" weka "Monitor Only", la sivyo hutasikia kitu ingawa mshale wa sauti unapanda na kushuka.
5. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya picha, chagua "Fullscreen Projector". Kutoka ni Esc.

VLC nayo inaweza kufungua kapcha, lakini kwa kawaida huweka akiba ya milisekunde 300 kabla ya kuonyesha. Kwa kutazamia inafaa, kwa kuchezea haifai mpaka uishushe. Anayetumia Linux asihangaike na OBS, atumie programu ya video ya mpv kwa amri hii:

`mpv av://v4l2:/dev/video0 --profile=low-latency --untimed --demuxer-lavf-o=video_size=1280x720,framerate=60,input_format=mjpeg`

Chomeka chaja ya laptopu wakati wote. Ikiwa kwenye betri, prosesa hushushwa kasi na fremu zinaanza kuruka.

---

Mama_Ruta

Kabla mleta mada hajatoa hela, ajaribu Remote Play, haigharimu kitu. Unashusha programu ya PS Remote Play kwenye Windows, unaingia kwa akaunti ileile iliyo kwenye PS4, pedi unaichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB.

Ila ujue mipaka yake. PS4 Slim inatuma 720p tu, 1080p ni ya PS4 Pro na PS5. Sony wanataka mtandao usiopungua 5 Mbps, na wanapendekeza 15. Vifaa vyote vikiwa kwenye ruta moja, picha yenyewe huzunguka humohumo ndani. Intaneti ya nje inahitajika wakati wa kuingia kwenye akaunti, kwa hiyo bando haliliwi kama watu wanavyohofia.

Kinachoharibu ni Wi-Fi. Slim ina 5 GHz, itumie hiyo. PS4 ya kwanza, ile nene, ina 2.4 GHz peke yake, na kwenye nyumba za kupanga ambako kila chumba kina ruta utaona picha inageuka miraba-miraba kila dakika. Dawa ni waya wa LAN.

Kama huna ruta yenye matundu: chomeka waya wa LAN moja kwa moja kutoka PS4 kwenda laptopu. Laptopu iwe imeshika intaneti kwa Wi-Fi, hata ya simu. Nenda kwenye orodha ya adapta za mtandao, kitufe cha kulia juu ya Wi-Fi, "Properties", "Sharing", ruhusu intaneti ipite kwenda "Ethernet". PS4 itapewa anwani inayoanza na 192.168.137. Hapo picha inasafiri kwenye waya wa mita moja na Wi-Fi haihusiki nayo tena.

Hata hivyo bado PS4 inabana picha na laptopu inaifungua. Kwa michezo ya hadithi na ya kutembea iko vizuri. Kwa mpira wa mashindano utaona tofauti kwenye pasi za haraka.

---

Fundi_Saketi

Jambo moja ambalo ni lazima lisemwe mapema: njia ya kapcha na ya Remote Play zote zinahitaji uione picha ya PS4 kwenye runinga mara moja kabla ya kuanza. Azima runinga ya jirani kwa dakika kumi na umalize yote kwa pamoja:

"Settings", "System", ondoa tiki kwenye "Enable HDCP". Huu ndio ulinzi wa nakala, na kapcha hazitakiwi kuupita. Ukiuacha utapata giza. Halafu "Sound and Screen": weka azimio (idadi ya nukta za picha), zima HDR, na kwenye mpangilio wa sauti chagua "Linear PCM" maana kapcha nyingi hazielewi Dolby wala DTS. Mwisho "Remote Play Connection Settings", washa, na uifanye hiyo PS4 kuwa ya msingi kwenye akaunti yako.

HDCP ikiwa imezimwa, programu za filamu kwenye PS4 zitagoma kufunguka mpaka uirudishe. Michezo haiathiriki.

---

Tabata_Mwisho

Asanteni sana wakuu. Kapcha nimeipata, imeandikwa 4K, plagi ya buluu. OBS inaiona "USB Video" lakini picha ni giza tupu. HDCP nimeizima kwa runinga ya jirani kama mlivyoelekeza.

---

Pikseli_Moja

Angalia kwa mpangilio huu.

Giza tupu kabisa na OBS haioneshi kosa: nenda "Settings" za Windows, "Privacy", "Camera", ruhusu programu za desktopu kutumia kamera. Windows inaichukulia kapcha kama kamera. Fanya hivyohivyo kwenye "Microphone", kwa sababu sauti yake inaingia kama maikrofoni.

Ukiona mistari ya rangi au maandishi ya kukosa mawimbi: kapcha inafanya kazi, ila haipati kitu kutoka PS4. Chomeka waya kwanza, kisha ndipo uwashe PS4, maana wakati wa kuwaka ndipo inapouliza kifaa cha mbele kinakubali azimio gani.

Picha inatokea sekunde mbili kisha inapotea: badili tundu la USB, acha kutumia hub (kigawanyo cha USB) au waya wa kurefushia. Kapcha hizi hupata moto na zinahitaji umeme wa kutosha. Pia funga programu nyingine inayotumia kamera, kwa sababu ni programu moja tu inayoweza kuishika kwa wakati mmoja.

---

Tabata_Mwisho

Ilikuwa "Privacy". Picha imetoka! Nimeangalia namba, ni 534D na 2109. Nikiweka YUY2 kwa 1080p picha inaruka kama ya kamera ya ulinzi, nikiweka MJPEG 720p inakwenda laini. Sauti sasa: inatoka lakini haina kulia wala kushoto.

---

Pikseli_Moja

YUY2 kwa 1080p kwenye chipu hiyo ni fremu 5 tu kwa sekunde, ndicho ulichokiona. Baki na MJPEG.

Sauti ni tabia ya chipu yenyewe. Matoleo mengi ya MS2109 hujitambulisha kwa kompyuta kama sauti ya njia moja ya 96 kHz, wakati ndani yake kuna njia mbili za 48 kHz zilizochanganywa. Windows haijui kuzitenganisha. Achana nayo, chomeka spika za masikioni kwenye tundu la 3.5 mm la pedi, halafu "Settings", "Devices", "Audio Devices", "Output to Headphones" iwe "All Audio". Sauti itatoka PS4 moja kwa moja bila kupita kwenye laptopu. Utasikia mpira umepigwa kabla hujaona kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sauti haitachelewa tena, kinachobaki nyuma ni picha peke yake.

---

Kioo_Kipya

Nijibu la kioo cha laptopu iliyokufa, kwa kuwa hakuna aliyelifikia.

Inawezekana, na matokeo ni kama kununua monita. Toa betri kwanza kabla ya bisibisi kugusa kitu kingine. Ng'oa fremu ya plastiki, fungua skurubu za kioo, kilaze kifudifudi juu ya kitambaa laini. Nyuma kuna stika yenye namba ya kioo. Hiyo namba ndiyo kila kitu. Usiagize bodi kwa namba ya laptopu, maana laptopu za muundo mmoja huja na vioo vya viwanda tofauti.

Tofauti ya herufi moja inatosha kukupotosha. N156BGE-L21 ni kioo cha LVDS (njia ya zamani ya kupeleka picha kwenye kioo) chenye pini 40. N156BGE-E21 ni eDP (njia mpya zaidi) yenye pini 30. Vyote ni inchi 15.6, vyote 1366 x 768, na bodi ya kimoja haiwashi kingine. Wala usihesabu pini peke yake: vioo vya zamani vya taa ya mrija navyo vilikuwa na pini 30 lakini ni LVDS. Ukiona waya mbili nene zikitoka pembeni ya kioo kwenda kwenye kipande chembamba kirefu cha saketi, hiyo ni taa ya mrija, na hicho kipande hutoa mamia ya volti. Usikishike kikiwa kimewashwa.

Kwa LVDS bodi iliyoenea ni M.NT68676, ina HDMI, DVI na VGA. Unapoagiza mpe muuzaji namba kamili ya kioo ili aweke programu inayolingana ndani ya bodi. Unahitaji bodi, waya wa kioo, kipande cha saketi chenye vitufe vya kuongozea, na adapta ya 12 V yenye angalau 2 A. Kwa eDP kuna bodi zake, soma volti zilizoandikwa juu yake kabla ya kuchomeka.

Kabla ya kuwasha, tafuta jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili za bodi) ya volti za kioo. Huwa na nafasi tatu: 3.3, 5 na 12. Kioo cha laptopu ni 3.3. Jampa ikiwa kwenye 12, kioo kinaungua papo hapo na hakirudi. Kosa hili huua vioo vingi.

Ukiwasha na ukaona:

– mwanga upo, kioo cheupe: waya wa kioo haujakaa sawa, au programu ya bodi si yake.
– picha mbili pembeni kwa pembeni au rangi za ajabu: programu imewekwa kwa njia mbili wakati kioo ni cha njia moja, au biti 8 badala ya 6.
– picha ipo ukimulika tochi, lakini giza: taa ya nyuma haipati umeme. Angalia waya mwembamba wa pini 6 kati ya bodi na waya wa kioo.

Kwa 1366 x 768 weka PS4 kwenye 720p. Bodi itaikuza kwa asilimia 6.7 hivi, maandishi yatalegea kidogo, mchezo hautaathirika. HDCP kwa kawaida hakuna haja ya kuizima, kwa kuwa bodi hizi ni za monita, tofauti na kapcha. Sauti, tumia pedi kama alivyosema mwenzangu.

---

Zenji_2

Na mwenye PS3 au PS2 afanyeje?

---

Fundi_Saketi

PS3 haina setingi ya kuzima HDCP, kwa hiyo HDMI yake kwenye kapcha ni giza. Tumia tundu la "AV MULTI OUT" kwa waya wa komponenti wa plagi tano pamoja na kapcha yenye matundu hayo, au waya wa rangi tatu kwa ubora wa chini. Ikiwa imebaki kwenye HDMI na huoni kitu, izime, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka isikike mlio wa pili. Itarudi kwenye picha ya kawaida.

PS2 tumia kapcha ya waya za njano, nyekundu na nyeupe. Picha ikija nyeusi na nyeupe au ikipanda juu bila kukoma, badili kati ya PAL na NTSC (mifumo miwili ya picha za runinga) kwenye programu. PS2 nyingi za huku ni PAL. Washa pia chaguo la kuondoa mistari, maana inatuma nusu ya mistari kwa zamu na wachezaji wakikimbia utaona meno pembeni yao.

---

Tabata_Mwisho

Swali la mwisho wakuu. Nitajuaje picha yangu inachelewa kiasi gani? Mimi nahisi iko sawa, rafiki yangu anasema nzito.

---

Pikseli_Moja

Pima. Simu yenye video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 inatosha, kila fremu ni milisekunde 4.2 hivi. Iweke ionekane pedi na kioo kwa pamoja. Kaa kwenye menyu ya PS4, bonyeza mshale wa kulia mara kumi kwa kuachana. Kisha hesabu fremu tangu kidole kinapofika chini mpaka kiashiria kinapoanza kusogea, zidisha kwa 4.2, chukua wastani wa zile kumi.

Rudia hivyohivyo kwenye runinga ya jirani ikiwa kwenye hali ya gemu. Tofauti ya wastani hizo mbili ndiyo unayoilipa kwa kupita kwenye kapcha, maana PS4 na pedi zina ucheleweshaji wake ambao upo popote. Kisha washa "Buffering" na uizime, badili 720p na 1080p, upime tena kila mara. Weka namba hapa tuzione.